Kigoda Chenye Doa la Msumari

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie mawazo, maana yangu yameniishia.

Mimi ni fundi seremala huku juu milimani, na tangu biashara huria ilipoingia na malori yakaanza kupandisha viti vya plastiki kutoka Same mjini hakuna anayeniagiza kiti wala meza, kazi iliyobaki ni majeneza, basi nakusanya kila kipande kinachobaki, natengeneza miko, vibao vya kukatia mboga, vigoda, mke wangu Evaline anavipeleka gulioni na ndivyo tunavyopata chumvi na sabuni. Mwaka jana alifariki Mzee Eliezeri, mjane wake Mama Leticia akaagiza ukatwe mti wa mkulo, wenye mbao za kunukia, uliokuwa nyuma ya nyumba yao, mbao zikaletwa kwangu, nikatengeneza jeneza, vikabaki vipande vizuri vinavyonukia. Fundi aliyenifundisha kazi alinikataza kabisa, mabaki ya jeneza yanarudi kwa wafiwa au yanachomwa, hayauzwi, lakini mama, nilikuwa nimechoka, nikavificha chini ya meza ya kazi, na baada ya miezi nikatengeneza kigoda kimoja, na doa jeusi la msumari uliopigiliwa kwenye mti ule kufungia kamba ya kuanikia nguo halikutoka hata nilipopiga randa mara tatu. Evaline akakipeleka gulioni bila kujua lolote. Akarudi anacheka, "Kigoda chako kakichukua Mama Leticia! Kavipitia vyote, kakinusa kile chenye doa, hakutaka kingine."

Sasa anakikalia kila siku jikoni kwake. Tukikutana kanisani ananishika mkono, ananiita mwanangu, na Jumapili iliyopita kasema, "Nitengenezee vingine viwili vya wanangu, ila mbao iwe ileile." Vipande bado ninavyo. Nilipomweleza Evaline akaniambia ninyamaze. Vile viwili sijavianza. Nimwambieje mama wa watu kwamba anakalia mabaki ya jeneza la mumewe?

Fundi Aminieli, wilaya ya Same

Marahaba, Aminieli. Majina yote nimeyabadilisha ili gazeti lisikutangulie kwa mjane.

Pole kwa kuchoka. Hivyo viti vya plastiki vimewamaliza mafundi wengi, na hata mimi nimekikalia kimoja nikikujibu. Kutumia mabaki si kosa. Kosa ni kwamba vipande hivyo vilikuwa na mwenyewe, yu hai, mnasali kanisa moja, nawe hukumuuliza. Uchovu ulikufunga mdomo? Ukamuuzia mama wa watu mti wake mwenyewe!

Halafu hebu isome tena barua yako. Nani alikuwa akianika nguo kwenye kamba ile, wewe? Mwanamke ameanika mashati ya mumewe pale miaka yote, anavipita vigoda vyote, anakinusa kimoja, anachukua chenye doa, kisha anataka mbao ileile, nawe unadhani hajui? Siwezi kuapa kwa niaba yake, lakini naona anakungoja useme.

Nenda kesho asubuhi, wewe na Evaline. Beba vipande vyote vilivyobaki, usiviguse kwa randa. Mwambie, "Mama, hivi ni vyako, nilivificha." Hadithi ya plastiki iache nyumbani. Akisema vichomwe, vichome mbele yake. Akisema tengeneza, tengeneza bure, palepale uani kwake, naye akikuangalia.

Na lile doa usijaribu tena kulitoa.