Kaburi la Kutu

Jumanne, 2 Desemba

Nimemlilia Kutu. Sijamwambia mtu.

Kutu si mtu. Ni adui wa kwenye katuni yetu, mimi na Neema. Tuliianza kidato cha pili kwenye kaunta buku, na sasa shule imeisha lakini katuni haijaisha. Neema anatunga, mimi nachora. Kutu akigusa chuma kinaoza: mabati, madaraja, reli. Watu wanakufa. Steringi wetu, Cheche, hatimaye amemwangushia mnara.

Leo nimefua, nimepika, nikakaa kumchora akifa. Nilipofika kwenye vidole nikashindwa. Nimevichora vile vidole miaka mitatu. Navijua kuliko vyangu.

Jumatano, 3 Desemba

Neema amekuja na ukurasa wa mwisho. Mji mzima unacheza ngoma juu ya kifusi. Nimemwuliza Kutu anazikwa wapi.

"Jalalani. Au unataka tumkodie na turubai? Na viti?"

Amecheka sana.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimechora bila kumwuliza. Cheche amepiga magoti, analia juu ya jeneza la Kutu. Nimepitisha wino kabisa. Nimempelekea kwao Kongowe.

Kosa.

Amesoma amesimama mlangoni. "Wewe, huyu si ndiye kamuua kaka yake Cheche? Na Cheche ndiye analia?" Halafu kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo na mimi nimlilie aliyemuua baba?"

Amefunga mlango.

Baba yake aliuawa na jambazi tukiwa darasa la sita. Nilikuwepo msibani. Nilijua, na sikufikiria. Mjinga mimi. Sina rafiki mwingine.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimetuma ujumbe. Ameusoma tu.

Jumamosi, 6 Desemba

Kibuta, kwa bibi. Mama amenileta msibani. Amefariki jirani ambaye hakuna aliyempenda. Aliwatilia sumu mbuzi wa watu. Alimpiga mkewe mpaka akakimbia. Nilidhani hatakuja mtu.

Wamekuja wote, wanaume na majembe yao. Jeneza lilipotolewa uani sheikh akauliza kama ilivyo kawaida, "Mnasemaje juu ya marehemu?" Kimya. Kuku tu. Mwisho mzee mmoja, mwenye wale mbuzi, akasema, "Tumzikeni, jua linapanda." Wakambeba.

Bibi alikuwa anamenya mihogo, macho makavu. Nikamwuliza kwa nini amekuja.

"Nimekuja kuzika, mjukuu wangu. Kulia sikumwahidi mtu."

Siku nzima nimeyafikiria hayo. Mimi nilidhani kuzika na kulia ni kitu kimoja.

Jumapili, 7 Desemba

Tumerudi nyumbani, Picha ya Ndege. Nimechora upya. Cheche ana jembe, anachimba. Hakuna ngoma. Hakuna chozi. Kiputo cha maneno nimekiacha kitupu, kwa sababu sijui angesema nini. Sijui hata kama ni sawa. Najua tu kwamba siwezi kumwacha chini ya kifusi.

Kesho nitaupeleka ukurasa kwa Neema. Naogopa. Asipofungua nitausukumia chini ya mlango.

Jumatatu, 8 Desemba

Amefungua.

Ameutazama ukurasa muda mrefu, kisha akakaa kwenye ngazi. Nami nikakaa. Akasema yule jambazi alifia gerezani mwaka jana. Habari zilipofika mama yake alipika pilau, wakala wote. "Nilirudia sahani," amesema. "Nilirudia, halafu nikaenda kutapika." Hajui alizikwa wapi. Hajui kama kuna aliyekwenda. Hilo linamsumbua, na anajichukia kwa kuwa linamsumbua.

"Lakini simlilii," amesema.

"Sawa."

"Wala simsamehe."

"Sawa."

Nilisogea mpaka mabega yetu yakagusana. Akachukua kalamu. Nilidhani atajaza kile kiputo. Akachora jembe la pili kando ya kaburi, baya, limepinda. Hajui kuchora. Sitalirekebisha.

Wewe uliyelifungua daftari hili bila ruhusa, yaliyo yangu simulia upendavyo. La pilau liache humuhumu. Si langu.