Mwigizaji Asiyepepesa Macho

Maskati, Ijumaa

Yule mwigizaji wa tamthilia ya Kichina cha Kikantoni tunayoitazama na Mama kwenye televisheni anaijua kazi yake mpaka anatisha. Anacheza baba aliyerudi nyumbani kutoka safari. Wenzake wanalia, wanacheka. Yeye ametulia tu kitini, hapepesi macho.

Mama hajui neno la Kikantoni, na maandishi madogo ya Kiarabu chini ya picha hayaoni tena. Lakini leo alasiri aliniambia, "Huyo keshakufa, mwanangu."

Mwisho wa kipindi ikabainika kweli: aliyerudi ni mzimu.

"Umejuaje, Mama?"

"Babako naye hukaa hivyo hivyo, akija."

Baba tulimzika mwaka jana. Nilitaka kumuuliza huja lini, nikaishia kuzima televisheni.

Nnaogopa Mama anaumwa. Nnaogopa zaidi kwamba haumwi.