Mama, Mbona Hukunionyesha Kulaza Uzi?

Istanbuli, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi sebuleni pale Ng'ambo, goti limepoa na vumbi la kiangazi halikubani kifua. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na sababu yake utaiona ukisoma. Yule jogoo mkorofi bado yupo, au mdogo wangu Rehema ameshamgeuza mchuzi?

Usishangae kuona karatasi wakati simu tunazo. Simu yako, Mama, ina wasomaji wengi. Nikikutumia ujumbe saa nne, saa tano wifi yangu ananiuliza habari zake, na saa sita shangazi wa Lusu ameshatoa maoni. Kwa hiyo barua hii nimempa dada mmoja mfanyabiashara anayerudi Dar, na yeye ataituma Tabora kwa basi. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Vaa miwani uisome mwenyewe, tafadhali, usimpe mtu akusomee.

Najua unacheka. Unasema Zuhura ni yuleyule, akikaribishwa chai ananusa kikombe kwanza. Ndiyo, ni mimi. Lakini tabia hii sikuiokota njiani, nimeirithi kwako.

Kazi yangu ni ileile ya kufunga mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu: mapazia, viatu, magauni ya harusi. Kutwa nimesimama, na baridi ya huku inapenya hata soksi mbili. Jioni nikirudi chumbani nashika kifumio ulichonipa, kile kidogo cha pembe ya ng'ombe chenye umbo la mtumbwi, najaza uzi tumboni mwake na kufuma maua yetu ya petali sita. Kikipita kidoleni huku na huku najiona nipo mkekani kwako. Nisipofuma, usingizi wangu hauwi mzuri.

Sasa sikiliza. Chini ya chumba changu anakaa mama mmoja mjane, Emine. Wanawake wa huku nao wanatia lesi kwenye kingo za mitandio, wengine kwa sindano, wengine kwa kifumio kama chetu. Siku moja akaona lesi niliyoitundika dirishani, akapanda ngazi na sahani ya maandazi yenye jibini ndani. Akaniambia kwa Kituruki cha polepole, ili nielewe, "Binti, ua hili sijawahi kuliona. Nifundishe."

Nikaitazama ile sahani. Imejaa hivi, anataka nini huyu? Unakumbuka ulivyotuambia, mtu akikusifia kazi ya mkono, funika kazi. Lakini maandazi yalikuwa ya moto, Mama, na mimi nilikuwa sijala. Nikamkaribisha.

Nikamfundisha kwa desturi ya nyumba yetu. Yaani vitanzi nilimwonyesha, mafundo nilimwonyesha, kuunganisha petali na petali nilimwonyesha, ila kumalizia sikumwonyesha. Kama wewe na wasichana wote waliopita mkekani kwako. Walifuma vizuri, lakini ncha za uzi zilibaki zinaning'inia, na ilibidi wakuletee. Wewe unaingia nazo chumbani, unafunga mlango, unatoka ua limekamilika. "Ukimwonyesha mtu kumalizia, hatarudi tena," ulikuwa unasema. Hata sisi wanao ulitumalizia. Mimi ulinifunza alfajiri ile ya safari tu, begi liko mlangoni: funga mara mbili, kata karibu, paka wanga wa muhogo, bana kwa vidole mpaka ukauke. Nilitoka Tabora kifua mbele. Nilijiona nimebeba ufunguo wa nyumba.

Basi nikangoja Emine aniletee ncha zake. Wiki ikapita, hakuleta. Ya pili ikapita. Nikaanza kuingiwa na shaka. Kila jioni anakuja, anafuma, anacheka, anaondoka na maua yake, na haulizi swali lolote la kumalizia. Nikasema huyu ananichungulia. Nikawa napaka wanga mlango umefungwa, na bakuli lake nalificha uvunguni mwa kitanda. Siku nyingine nikamkuta anapiga picha mikono yangu kwa simu.

"Za nini hizo picha?" nikamuuliza.

"Za binti yangu. Nataka aone unavyoshika uzi."

"Binti yako anafuma?"

"Hafumi. Anaolewa."

Jibu hilo nililigeuza siku tatu sikulielewa. Ndipo akaniomba nimfumie huyo binti lesi ya kuzunguka mtandio wa harusi, maua yetu yale, mkono wangu mwenyewe. Nikakubali. Nilifuma karibu mwezi mzima, Mama, na kila ua nililimalizia vile ulivyonifunza. Nilipomkabidhi, aliubusu ule mtandio. Mimi nikawa namtazama macho yake kama yanatafuta ncha.

Siku mbili kabla ya harusi aliufua kwa maji ya uvuguvugu, maana kwao hawavai nguo mpya bila kuipitisha kwenye maji. Akapanda ngazi nao umelowa mikononi. Wanga ulikuwa umeyeyuka. Mafundo yalikuwa yamefunguka, petali zinaning'inia moja moja. Kazi ya mwezi mzima ilikuwa imegeuka nyuzi tu.

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Na hata hapo, nisamehe, wazo la kwanza lilikuwa kwamba ameyafungua mwenyewe. Nikamwambia waziwazi, "Umeyafanya nini maua yangu?"

Hakukasirika. Alivuta kiti, akavaa miwani, akalitazama ua moja kwa muda. "Nani alikufundisha kukata uzi hivi?"

"Mama yangu."

"Mama yako ndiye aliyekufundisha na hizi petali?"

"Ndiye."

Akaligeuza lile ua upande wa pili. Halafu akasema, "Mwenye mkono wa kufuma petali hizi hawezi kuwa hajui kulaza uzi."

Akanionyesha. Mama, si jambo la kumaliza hata kidogo, ni jambo la kuanza! Ule mkia wa uzi unaobaki mwanzoni, unaugeuza, unaulaza sambamba na uzi wa kazi, na mafundo ya kwanza unayafunga juu yake. Mwishoni unauvuta, na ncha nyingine inaingia humohumo. Hakuna wanga. Hakuna mlango wa kufunga. Ndiyo maana hakuniuliza siku zote zile, hakuwa na haja. Nilikuwa nalinda sanduku tupu, na mtu niliyemfichia alikuwa na mali ile tangu utoto wake.

Tulikaa Ijumaa mchana kutwa na usiku kucha tukifuma upya. Niliomba ruhusa kazini. Jirani zake wanne walikuja na vifumio vyao, tukagawana kingo za mtandio, na Jumamosi binti aliolewa nao. Walinikalisha mbele pamoja na shangazi zake. Ile picha ya mikono yangu ilikuwa ya binti kweli; alitaka kumjua anayemfumia. Nimemwomba Emine msamaha na amenipa, ingawa bado siamini kama ni wote.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya Emine.

Jumapili iliyofuata nilifungua ile video aliyonitumia Rehema kutoka Tura, anakokwenda kufundisha wasichana karibu na stesheni. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi nikiangalia sura yake, amenenepa, amependeza. Safari hii niliangalia mikono. Rehema anaanza ua, anageuza mkia wa uzi, anaulaza. Msichana wa pembeni anaulaza. Yule wa nyuma mwenye mtoto mgongoni naye anaulaza, na Rehema anamwambia, "Eeh, hapohapo, mama alivyotufundisha."

Alivyotufundisha nani, Mama?

Nimeirudia sehemu ile mpaka simu ikaisha chaji. Rehema anajua. Wasichana wa Tura, ambao hata jina lako la pili hawalijui, wanajua. Mimi niliyetoka tumboni mwako sijui, nimefundishwa na mjane wa Istanbuli. Nililia, sikufichi. Nililia kwa hasira.

Nimejaribu kutafuta sababu, na wewe unanijua nikianza kutafuta. Kwanza nikasema hukuniamini. Una haki. Nilipokuwa darasa la sita nilimwonyesha mwenzangu ua letu kwa kipande cha sega la asali, na ulinikuta mdomo bado unanata. Uliniambia mdomo wangu ni mlango wa duka, kila mtu anaingia. Labda ulisema huyu akienda Ulaya na siri yetu ataitangaza. Halafu nikamshuku Rehema, kwamba alikushawishi mimi nipunguziwe ili yeye abaki fundi. Nisamehe kwa hilo pia. Niliandika hata ujumbe wa kumuuliza, nikaufuta.

Sababu ya tatu ilinijia nikiwa nafunga mizigo, mkono ukasimama juu ya boksi. Alfajiri ile ya safari macho yako yalikuwa mekundu, ukasema ni moshi wa jiko. Jiko halikuwa limewashwa, Mama. Nilikumbuka hivyo, nikakumbuka na wasichana wale wanaokuja na ncha zinaning'inia, unavyowafungulia mlango unacheka. Waliokuwa hawana cha kumalizia hawakuja tena kukuona. Huenda na mimi ulitaka nibaki na ncha ya kukuletea.

Sijui ipi ni kweli. Ninakuomba unijibu, na unijibu kwa mkono wako, si kwa kupitia wifi. Kama hukuniamini, sema. Nitameza, nimeshameza makubwa zaidi ya hilo. Kama ulikuwa na haraka tu na basi linaondoka, sema hivyo, ingawa hilo nitalitilia shaka. Huku wanawake wa mtaa wameniomba niwafundishe ua letu kila Jumamosi, na nimewafundisha yote siku ya kwanza, pamoja na kulaza uzi. Sikuacha kitu. Uliposoma hapo umeguna, nimekusikia.

Nisalimie Rehema, mdogo wangu, mwambie mikono yake nimeiona na ni mizuri. Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, wifi yangu na watoto, shangazi wa Lusu na mchele wake, na yule mpangaji wetu mpole anayefagia uwanja bila kuambiwa. Sijawahi kuelewa kwa nini anafagia, lakini msalimie.

Na wewe, Mama: ungeniambia tu "rudi". Neno moja, bila kunipunguzia kitu. Kazini nimeomba likizo ya mwezi mzima na nimekubaliwa. Maua yangu sasa yanajifunga yenyewe, hakuna hata moja la kuletewa ulimalizie. Nakuja hivyohivyo, mikono mitupu.

Mwanao akupendaye,
Zuhura