Saa ya Babu Yako na Bangili Niliyoitoa

Baba yako mdogo Bura amekuwa mwalimu mkuu! Tumbo hili hili lililoishia darasa la nne ndilo limemzaa mwalimu mkuu. Kijiji kizima cha Tumati wanajua, maana nimewaambia mwenyewe.

Haya, marahaba mjukuu wangu Paskalina. Sisi wazima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Unauliza kama uuze saa ya marehemu babu yako, kwa kuwa huivai na mteja anangoja jibu. Nikiwa msichana nilikuwa na bangili ya shaba ya bibi yangu. Sikuivaa, wenzangu wa kwaya wangenicheka. Nikampelekea fundi shaba wa Kibarabaig kule kijiji cha Getanuwas, akanipa jembe. Kwa jembe lile niliwashinda kaka zangu wote kulima.

Baada ya mavuno nikarudi kuikomboa. Sikujua kwamba mafundi wale huyeyusha shaba siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshatengeneza bangili mbili za bibi harusi.

"Ya bibi yangu ni ipi?"

"Zote mbili, binti. Chagua."

Nikaondoka mikono mitupu. Jembe sikulijutia, ila njia nzima nilijiuliza mbona nimetembea mbali hivyo kwa kitu nisichokivaa.

Basi jiulize kama utarudi kuiulizia. Kama hutarudi, uza tu. Babu yako mwenyewe alikuwa akiangalia jua.

Ukija na saa au bila saa, mimi sitauliza. Sherehe ya shukrani ya Bura ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, na nyote mnasubiriwa.