Mjukuu Wangu Anaitwa Panya

Ijumaa, baada ya Laasiri. Mvua ya vuli imenyesha asubuhi ikakatika, kichochoro chote kinanuka mawe mabichi na manyoya ya kichwa cha mbuzi kilichobabuliwa. Nimeketi dirishani peke yangu. Moyo haujatulia.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani yangu ina ufa, basi herufi ikikosewa usinicheke. Skuli nilikwenda miaka michache tu, iliyobaki ni chuo cha Kurani. Lakini nimeuza nyama sokoni Darajani umri wangu wote na hakuna mke wa mtu aliyenirudishia fungu. Uliza yeyote wa rika langu. Wengi wameshakufa, lakini uliza.

Nayasema haya kwa sababu mchinjaji anajua watu. Anayeficha kitu namjua kwa mabega yake kabla hajafungua mdomo. Na wiki hii nzima, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mtaa wa Kiponda hapa Unguja, kila mtu alikuwa anaficha kitu.

Mwanangu Haji na mkewe Salma wamepata mtoto wa kike. Ni mtoto wao wa tatu. Wa kwanza hakufika arubaini. Wa pili alifika, akaanza na kucheka, kisha naye akaenda. Wote wawili niliwapokea kaburini kwa mikono yangu.

Sisemi zaidi.

Kwa hiyo huyu wa tatu alipotoka mzima, analia sauti inafika mtaa wa Malindi, nilifurahi kupita kiasi. Nilimwadhinia mimi. Palepale nikasema ataitwa jina la marehemu mama yangu. Jina hilo nilikuwa nimeliandika hapa, na maana yake, na lilikotoka. Nimelifuta. Ukisoma mpaka chini utajua kwa nini.

Ni jina ambalo siku hizi hulisikii. Mjini namjua mmoja tu mwenye jina hilo, kikongwe, hatoki ndani. Watoto wa sasa wanapewa majina ya kwenye simu, mwalimu akiita mmoja darasa zima linageuka. La mama yangu ukiliita anageuka mwenyewe tu.

Nilimwambia Salma. Akainamisha kichwa, akasema, “Inshaallah, baba.” Hakulitaja.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Nilikwenda kahawani nikawaeleza wenzangu. Niliwaambia mtoto ana nywele mpaka shingoni, macho ya mama yangu, ngozi kama maziwa yenye asali, hajapata kuzaliwa mtoto kama yule Unguja hii. Jina nikalitaja kwa sauti, na maana yake nikaieleza, na aliyekuwa hajasikia nikamrudilia. Mzee Thani, ambaye kazi yake ni kunipinga tangu tuna meno, alikunywa kahawa yake tu. Hakusema mashaallah. Hilo nililiona.

Kurudi nyumbani, mtoto kavikwa kitambaa cha kanga kuukuu iliyochanika pembe. Nguo mpya nilizonunua mimi, zenye maua, zimekunjwa kabatini. Usoni kapakwa masizi, kwenye paji la uso, ovyo ovyo, kama mtu aliyefutia kidole sufuria. Nikauliza. Salma akasema nguo mpya zinamwasha. Za pamba zinamwasha vipi?

Salma ni mtu wa Bwejuu. Mimi sina neno na watu wa kusini, lakini wana mambo yao, na hawayasemi.

Kesho yake nimetoka msikitini alfajiri, naingia kichochoroni, namwona Bi Shani, jirani yetu wa mlango wa pili, anatoka kwangu kabeba ungo kifuani. Anatembea kama mwizi. Nikasimama nyuma ya nguzo. Akafika pembeni penye kontena la taka, akaweka ungo chini. Akatazama huku na huku, akauokota tena. Ndani ya ungo mlikuwa na mguu. Mguu mdogo unapiga hewa.

Mguu wa mjukuu wangu.

Nilitaka kumrukia, lakini alikuwa ameshageuka. Bi Shani akarudi mpaka mlangoni kwangu, akagonga kama mgeni. Salma akafungua. Sikusikia waliyosema. Niliona tu mtoto anaingia, na nazi mbili zinatoka. Nazi zangu, za shamba langu, nilizochagua mwenyewe kwa ajili ya wali wa akika, siku ya saba ya mtoto.

Mtu anakwambia mtoto anawashwa na nguo, kisha anampeleka jaani, penye taka, na mapema. Ungefikiri nini? Nilifikiri mambo ambayo sitayaandika. Tangu siku hiyo nikawa nakaa ukumbini nimeelekea chumba chao, najifanya nasinzia. Kila nikipita, Salma anakatiza maneno. Kumshika mtoto hanipi, mara ananyonya, mara amelala, mara hajabadilishwa nguo.

Jumatano nikasikia jina. Salma alikuwa anambembeleza ndani, polepole, na sauti yake ni nzuri sikatai: “Panya wangu. Panya mbaya wee. Nani atakutaka, Panya.”

Panya. Mama yangu alikuwa mwanamke ambaye wanawake wenzake walikuwa wakinyanyuka akiingia. Mjukuu wake anaitwa mdudu wa ghalani.

Nilimkamata Haji sebuleni. Nikamuuliza mkewe ana nini na ukoo wetu. Haji, mtu mzima ana ndevu, akatazama miguu yake akasema, “Baba, tuache tu hizi siku zipite.” Nilijua basi kwamba na yeye yumo.

Jioni ileile mtoto akapata joto. Wakamkimbiza spitali, mimi nimebaki na tasbihi, siwezi hata kuhesabu. Walirudi naye kabla ya Isha amepoa, daktari kasema ni kitu kidogo. Salma alipita mbele yangu kamfunika mtoto uso. Alinitazama. Sikuwahi kutazamwa vile na mtu anayekula kwangu. Nilidhani ni chuki.

Jana Alhamisi akaja dada yangu Bi Mize kutoka Mkokotoni, kuja kwenye akika, na pweza mkavu kwenye mfuko. Yeye ndiye mkubwa wangu, ndiye pekee aliyebaki duniani anayeweza kunipiga kofi. Nikamkalisha, nikamweleza yote: masizi, ungo, nazi, Panya. Alisikiliza anatafuna tambuu. Nilipomaliza akacheka mpaka akajishika ubavu.

“Na wewe unadhani uliitwa Kombo kwa nini?”

Nikamwambia anajua, watu wote wanajua. Nimeitwa kwa nahodha Kombo, babu yake babu yetu, aliyefika mpaka Basra.

“Nahodha gani? Nani kakwambia?”

Nilitafuta nani kaniambia. Sikumpata. Inawezekana nilijiambia mwenyewe, zamani, kisha nikawaambia watu mpaka ikawa kweli.

Bi Mize akatema tambuu. “Mama alizika watatu kabla yako. Ulipozaliwa, jirani akakutoa mpaka jaani, akakuokota, akaja mlangoni akasema nimekuta kombo la chakula, mbwa kalikataa, mnalitaka? Mama akakununua kwa kibaba cha mtama. Nilikuwepo, nimeshika kanga yake. Wewe ni makombo, mdogo wangu. Ndiyo maana upo. Kinachochukua watoto kinataka kizuri, kinachopendwa, chenye wenyewe. Cha jaani hakikitaki.”

Makombo nayajua. Umri wote nimewatupia paka wa Darajani makombo. Sikuwahi kuliweka neno hilo karibu na jina langu.

“Huko kwetu kaskazini walikuwepo kina Panya watatu mtaa mmoja,” akasema. “Kila ukimsikia Panya, ujue mamake kalia sana kabla yake. Sasa hawapo tena. Watoto wanapona spitali, watu wanaona aibu. Huyu mkwe wako anaogopa kuliko anavyoona aibu. Na wewe umekwenda kahawani umemnadi mtoto kama ng’ombe wa sikukuu, na jina ukalitaja.”

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia basi.

“Wakwambie wewe? Mdomo wako una spika. Ukiambiwa kitu Kiponda alfajiri, adhuhuri mimi nakipata Mkokotoni.”

Nikakumbuka Jumatano, Salma anapita kamfunika mtoto. Haikuwa chuki ile.

Siku zote hizo mimi ninawashuku wao, kumbe wao wananishuku mimi.

Naandika wazi: mimi siamini mambo haya. Mimi ni mtu wa mjini, na imamu wetu anasema mtoto apewe jina jema, basi. Joto la mtoto ni joto, daktari kasema. Lakini nimelala jana nimeelekea ukuta nikizihesabu sifa zote nilizomwaga kahawani, nywele, macho, ngozi, jina, na kila moja nikitamani kuirudisha kinywani niimeze. Nikamkumbuka Thani na kahawa yake. Hakusema mashaallah. Au alisema nikiwa naendelea kusema mimi? Sijui. Sikumsikiliza.

Leo asubuhi uani pakajaa watu. Mbuzi nilimchagua mwenyewe na kumchinja nilisema ni mimi, asiguse mtu. Imamu akaniachia. Sasa akika mnaijua, hawachinji kimyakimya. Unapoweka kisu unasema hii ni akika ya nani binti nani, na watu wanasikia, na jina linakuwa limetoka.

Nimeshika kisu. Kinywani limekaa la mama yangu. Watu wote niliokuwa nimewaambia wapo, wananitazama, wanalingoja. Thani kasimama mbele kabisa kavaa koti. Haji kashika miguu ya mbuzi, hanitazami. Dirisha la juu likafunguka kidogo, nikaona vidole vya Salma vimeshika ubao.

Hakuna aliyeniomba kitu. Hilo ndilo lililoniuma. Walikuwa wameshakata tamaa na mimi.

“Bismillahi, Allahu Akbar. Hii ni akika ya Panya binti Haji.”

Mbuzi akaenda kwa mkato mmoja. Kisha Thani akasema, “Kombo, mbona siku ile ulitutajia jina jengine? Umeishiwa majina?”

“Nimeishiwa,” nikamwambia. “Na mtoto mwenyewe hana lolote. Kaokotwa jaani. Hata si wetu, ni wa Bi Shani, sisi tumeuziwa kwa nazi mbili, na bado tumepunjwa.”

Wakacheka wote. Walinicheka mimi, nilijua, na wataendelea kunicheka mpaka Ramadhani. Bi Shani akajibu kwa sauti kutoka jikoni kwamba nazi zenyewe moja ilikuwa mbovu. Thani hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akavua koti akaja kunishikia ngozi. Tukachuna pamoja, tukakata kiungo kwa kiungo, bila kuvunja mfupa hata mmoja, kama akika inavyotaka. Hakuna mwengine hapa mjini anayeweza hivyo. Hilo naomba mniachie.

Watu walipoondoka nilikuwa nanawa mikono. Bi Mize akaniita, nikasema naam, nikapanda. Salma alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao, mlango wazi. Akanitia mtoto mikononi, na masizi yake usoni, na kanga yake iliyochanika, akarudi ndani akaniacha naye peke yangu. Ndiyo mara ya kwanza tangu nilipomwadhinia.

Ni mwepesi. Nimebeba robo za ng’ombe, na mkono mmoja ukanitosha, yeye nikamshika kwa yote miwili.

Nikaangalia ngazini. Nikaangalia dirishani. Bi Shani anakaa na masikio mlango wa pili, na Thani sina hakika kama kweli amekwenda. Nikainama mpaka ndevu zikamgusa shavu, nikamwambia jina lake sikioni, mara moja tu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Alipiga chafya.

Basi wewe unayesoma usinitafute kwa hilo jina. Kwa nini unataka kulijua? Sikujui wewe ni nani, na uko wapi, na jicho lako likoje. Aliyelisikia kahawani namwambia nilikosea, nilikuwa nazungumzia mtoto mwengine. Mimi nalishika. Siku atakapokuwa mkubwa wa kulibeba mwenyewe atalitoa mwenyewe, na kama mimi sipo, ameshaambiwa.

Kesho nitakwenda kahawani kama kawaida, na Thani ataniuliza mtoto hajambo. Nitamwambia yupo tu, mbaya, ana kichwa kikubwa na pua ya babu yake.