Nilichokiona Usoni Mwako

Zhangshu, 6 Machi 1994

Mwanangu Yufeng,

Habari za kiwandani? Sisi hatujambo, ila goti la mama yako halipatani na mvua hizi.

Nina neno moja. Nenda hospitali wakupime figo. Chini ya macho yako pana weusi usio na mng'ao, kama masizi, na masikio yamekauka. Figo husemea hapo. Ukiona uvivu, basi piga picha kwenye mwanga wa mchana, uniletee nitazame tena. Miaka thelathini na sita natibu watu kwa kuwatazama nyuso, sijakutisha bure hata siku moja.

Baba yako

Dongguan, 10 Aprili

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, sijui nyinyi. Barua yako nimewasomea wenzangu bwenini, tumecheka mpaka basi. Baba, tunashona viatu saa kumi na mbili kwa siku. Weusi wa macho tunao wote mia tatu, sasa kiwanda kizima tumeharibika figo? Wagonjwa wakikuishia unawatafuta nyumbani. Picha hiyo, nimependeza.

Mwanao

Zhangshu, 21 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako ameweka picha juu ya redio, kila jirani anaonyeshwa. Mimi haikunisaidia kitu. Mpiga picha amekupaka rangi mashavuni na kufuta weusi wote, umekuwa kama bwana harusi.

Sasa nikwambie nililoficha. Niliuona weusi huo siku ya pili ya Mwaka Mpya, ulipoinama kumtolea mama yako miiba ya samaki. Nikafungua kinywa, naye akanikanyaga mguu chini ya meza. Unajua kwetu, siku kumi na tano zile za sikukuu ugonjwa hautajwi, usije ukaitikia. Nikasema nitakwambia kesho. Nikasema nitakwambia kituoni, nikikusindikiza. Kituoni ulikuwa na wenzako, mnacheka. Mwanangu, niliogopa maneno ya watu kuliko nilivyokuogopea wewe, na inaniuma. Nakuomba uende. Nicheke baadaye.

Baba yako

Dongguan, 9 Agosti

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kimya. Nakuandikia kutoka hospitali. Mwezi uliopita nilianguka nikiwa kazini. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu haviingii, na mimi ndiye mshona viatu.

Ni figo, Baba, zote mbili. Wananisafisha damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Nikiuliza kama nitapona, daktari anasema tusubiri ndugu wafike. Muuguzi anasema nile vizuri. Si unajua, kwetu mgonjwa haambiwi hali yake. Naogopa sana.

Mama asijue. Njoo wewe, unitazame, uniambie unachokiona. Wewe hujawahi kunidanganya.

Mwanao

Zhangshu, 15 Agosti

Mwanangu Yufeng,

Hali sikuulizi. Natoka kwa treni ya Jumatano. Mama yako nimemwambia nakwenda kununua dawa.

Tangu barua yako ifike nimefunga chumba cha wagonjwa. Jana mteja wa zamani aligonga, nikamjibu mlango ukiwa umefungwa. Nitakuja nikuogeshe, nikupikie uji, nilale sakafuni kando ya kitanda chako. Lakini hilo uliloniomba sitaliweza. Nimejaribu kujipa moyo siku tatu, haukuja.

Ukiona nimekaa upande wa mgongo wako, usigeuke. Niache nikae hapo.

Baba yako