Kutoa Ni Moyo, Ila Si Sweta la Julai

Mpendwa mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia kutoka huko makaburini kwa usharika, lakini ungenuna nisipoanza na salamu, hata marehemu ungenuna.

Ulikuwa mkali, mwalimu, tusidanganyane. Ukikohoa tu kule bombani, darasa zima kimya. Kwa hiyo uliponiita ofisini nikiwa kidato cha tatu, nilijua naenda kuchapwa.

Ulikuwa mwezi wa Julai, ukungu umeshuka mpaka madirishani, na mimi nimevaa shati tupu. Sweta langu nilikuwa nimempa Rehema, niliyekaa naye dawati moja. Kabla ya hapo nilishagawa kalamu na madaftari. Walimu wengine walinisifu mstarini, wakasema kutoa ni moyo, si utajiri. Wewe peke yako hukupiga makofi. Baadaye uliniambia hakuna mtu wa Lushoto anayegawa sweta lake Julai kama bado ana mpango nalo Agosti.

Mama alikuwa amefariki mwaka huo, alama zangu zikaporomoka, nami nikajiona mzigo kwa shangazi. Sikumwambia mtu. Ulifunga mlango, ukanimiminia chai, kisha ukaniuliza kwa Kishambaa, lugha uliyokuwa ukituadhibu tukiizungumza darasani.

“Mwanangu, unafikiria kujiua?”

Hukuzunguka. Neno lile nililiogopa, lakini lilipotoka kinywani mwako nilijisikia kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Nikasema ndiyo. Hukunihubiria dhambi wala hukuwaita wenzako waje kunitazama. Uliagiza shangazi apande kutoka Mazinde siku ileile, na hukuniacha peke yangu hata dakika moja mpaka alipofika. Asubuhi tukaenda watatu hospitali kwa muuguzi wa afya ya akili. Sweta ulilichukua kwa Rehema, ukanivalisha mwenyewe, ukasema nitalihitaji kesho. Na kwa miezi, kila ulipoita mahudhurio na mimi nikajibu “nipo”, uliinua macho ukanitazama kwanza, ndipo ukatia alama.

Sasa mimi ndiye ninayeita mahudhurio, mwalimu. Na nikuungamie jambo. Muhula uliopita msichana wangu mmoja, Eliza, aligawa kamusi yake na mkebe wa hisabati. Unajua nilifanya nini? Nilimsimamisha mbele, nikawaambia wenzake wampigie makofi, nikasema kutoa ni moyo. Mimi, kati ya watu wote!

Nilikuwa nimeshafika kwa akina mama wanaouza peasi njiani kurudi nyumbani, wamejifunika mashuka kwa baridi, ndipo nilipokumbuka sweta. Nikageuka mbio, viatu mkononi. Nilimkuta anafagia darasa. Nikamuuliza kwa Kishambaa, kwa maneno yaleyale uliyoniuliza wewe. Akaegemeza ufagio ukutani akalia. Nilikaa naye mpaka mama yake alipofika, na muuguzi tulikwenda kumwona pamoja. Bado anahudhuria kliniki. Siku nyingine ni nzito kwake, nyingine nyepesi, na mimi naendelea kuinua macho.

Wenzangu ofisini niliwasimulia habari zako, bila kumtaja Eliza. Mmoja alihofia kwamba ukimuuliza mtoto hivyo utamtia wazo kichwani. Nikamwambia mimi niliulizwa, na ndiyo maana ananiona hapa nikinywa chai yake.

Jana Eliza alikuja ofisini amevimba kwa hasira. Kumbe mwenzake kakataa kurudisha vitu.

“Mwalimu, mkebe wangu nautaka. Mtihani ni mwezi ujao.”

Nilikunja uso kama wewe, nikamwambia nitalishughulikia. Alipotoka niliinamia meza, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Hujui nilivyofurahi, mwalimu. Amegombania mkebe.

Pumzika salama. Baridi imeanza tena huku, nami sweta ninalo mwilini.

Mwanafunzi wako,
nipo.